Meza, Kiti na Siri: Habari za Kikao cha Michezo ya Kuvaa Uhusika

Kila mchezo una kikao chake, na kila kikao kina adabu yake. Wachezaji wa bao huketi wakielekeana, ubao katikati yao, na kete zote zi wazi mbele ya macho ya kila mtu. Mtazamaji aliyesimama nyuma yao aona sawasawa na yule anayecheza, na mara nyingi huona zaidi. Wachezaji wa karata huketi duara, na kila mmoja huficha mkononi alicho nacho. Tofauti hii si ndogo. Katika bao hakuna siri ila iliyomo katika akili ya mchezaji. Katika karata siri ndiyo mchezo wenyewe. Basi mtu akitaka kujua mchezo fulani ni wa namna gani, si lazima aanze kwa kuuliza sheria zake. Na atazame kwanza watu wameketije, kitu gani kimewekwa katikati yao, na nani anaona nini.

Mchezo unaohusika na insha hii ni mpya katika umri wa michezo. Ulizaliwa Marekani, katika majimbo ya Minnesota na Wisconsin, ukatokea hadharani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na tangu hapo umezaa michezo mingi ya namna yake. Kwa kuwa hauna jina moja lililozoeleka katika Kiswahili, tutauita mchezo wa kuvaa uhusika. Watu wachache hukusanyika mezani. Kila mmoja hujitwalia mhusika mmoja, awe askari, mchawi au mwizi, na kusema kwa kinywa chake jambo ambalo mhusika huyo atenda. Mmoja wao hana mhusika wa peke yake: yeye ni mwamuzi, aujuaye ulimwengu wote wa hadithi, awaelezaye wenzake waonayo na wasikiayo, na aamuaye matokeo ya vitendo vyao, aghalabu kwa msaada wa dadu. Hakuna ubao wa lazima, wala kwa kawaida hakuna mshindi. Kuna watu, kuna maneno, na kuna meza.

Ni rahisi kuidharau meza hiyo na kuiona kuwa ni mbao na miguu minne tu. Lakini atakayefuata habari zake tangu mwanzo ataona kwamba kila ilipobadilika meza ulibadilika mchezo, na kwamba chini ya mabadiliko hayo yote limelala swali moja: nani ajue nini, na nani aaminiwe.

Asili ya mambo haya ni vita. Mwaka 1780, katika nchi ya Braunschweig huko Ujerumani, Johann Christian Ludwig Hellwig alitoa mchezo wa vita uliotokana na sataranji. Ubao wake ulikuwa na miraba 1,617, iliyotiwa rangi mbalimbali ili kuonyesha milima, misitu, maji na uwanda. Wachezaji waliuelekea ubao kama watu wa sataranji wauelekeavyo, na vikosi vya pande zote mbili vilikuwa juu yake. Hivyo jemadari wa mezani aliweza kumwona adui yake mbali na karibu, jambo ambalo jemadari wa kweli hakupata kulijua hata siku moja.

Baada ya miaka thelathini na kitu, mtumishi mmoja wa serikali ya Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, aliona kwamba miraba inawafunga askari katika mwendo usio wa kweli. Akaiacha miraba, akacheza juu ya meza ya mchanga, ambamo vilima na mabonde viliweza kufinyangwa kwa mkono. Habari zikafika kwa Mfalme Friedrich Wilhelm III, naye akataka kuuona mchezo huo. Reisswitz akaona haya kumpelekea mfalme sanduku la mchanga. Mwaka 1812 akampelekea meza ya fahari, yapata futi 6 kila upande, yenye watoto wa meza waliojaa vipande vya plasta vilivyochorwa mito, barabara, vijiji na misitu, vipate kupangwa upya kila mara. Na vikosi vyake vilikuwa vya kaure. Mchezo ukawa samani ya jumba la kifalme, na wana wa mfalme wakaucheza.

Meza ile ilikuwa nzuri, lakini mageuzi makubwa hayakutoka kwayo. Yalitoka kwa mwanawe Reisswitz, afisa wa mizinga aliyetoa kitabu chake cha sheria mwaka 1824. Kijana huyu aliweka kando vipande vya plasta akatandika ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:8,000. Kisha akaongeza jambo lililokuwa zito kuliko ramani: akaweka kiti cha tatu. Aliyeketi katika kiti hicho hakuwa wa upande huu wala upande ule. Makamanda wa pande mbili walimpelekea amri zao kwa maandishi. Yeye akazisoma, akatupa dadu, akahesabu hasara, na kuweka juu ya ramani vile vikosi tu ambavyo adui angeweza kuviona. Katika desturi ya baadaye kila upande ulipewa chumba chake na ramani yake, na mwamuzi akawa na chumba cha tatu chenye ramani ya kweli. Yasemekana kwamba Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wa makao makuu, alianza kuutazama mchezo huu bila shauku, akaishia kusema kuwa huu si mchezo bali ni mafunzo ya vita, na akausifu kwa jeshi zima.

Hapo ndipo ilipoingia mezani elimu isiyo sawa. Kabla yake wachezaji wawili walitofautiana kwa akili tu. Baada yake walitofautiana pia kwa habari, na mtu mmoja akawa na habari kuliko wote. Mtu huyo ilibidi aaminiwe. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alikwenda mbele zaidi: alisema kwamba mwamuzi aliyevijua vita kwa macho yake hana haja ya majedwali na dadu, na aachiwe aamue kwa busara yake. Maofisa wa Prussia waliweza kulikubali neno hilo kwa sababu mwamuzi alikuwa mkubwa wao kwa cheo, na kumtii walikuwa wamekwisha kuzoea. Jambo hili tulishike, kwani litarudi mahali ambapo hapakuwa na vyeo.

Mchezo wa vita ulitoka kambini ukaingia majumbani. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells wa Uingereza alitoa kitabu cha vita vya askari wa sanamu wanaopigwa kwa mizinga midogo ya spring. Uwanja wake ulikuwa sakafu ya chumba, na wachezaji walitambaa kwa magoti. Huko Marekani, Charles S. Roberts alitoa mwaka 1954 mchezo wa vita wa ramani ya kukunja, ulioweza kuchezwa juu ya meza yoyote ya nyumbani. Katika michezo hiyo ya raia yote yalikuwa wazi tena, na kiti cha tatu kilikuwa karibu kusahauliwa.

Aliyekifufua ni David Wesely, mwanafunzi wa fizikia katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Minnesota alikiona kitabu cha Charles Totten, afisa wa jeshi la Marekani, kilichotolewa mwaka 1880 juu ya mchezo wa vita wenye mwamuzi. Mwaka 1969 Wesely alitengeneza mchezo wa mji wa kubuni wa Prussia, Braunstein, wakati wa vita vya Napoleon. Walifika watu wengi kuliko alivyotarajia, naye badala ya kuwapa wote vikosi akawapa vyeo: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo. Alikusudia kuwaita wachache wachache, mbali na wenzao, wampe amri zao kwa siri. Lakini waliosubiri hawakukaa kimya. Walianza kushauriana, kupatana na kudanganyana kwa majina ya wahusika wao, mpaka vita vyenyewe vikasahauliwa na mwamuzi asijue tena yanayotendeka. Wesely alirudi nyumbani akidhani ameharibu. Wenzake wakamwomba aurudie.

Kosa hilo la mpango wa vyumba lilikuwa na baraka ndani yake. Ilibainika kwamba watu wakitengwa na meza, lakini wakaachwa pamoja, watazungumza. Na kwamba mazungumzo hayo yaweza kuwa mchezo mtamu kuliko ule uliopangwa juu ya meza. Mmoja wa walioonja utamu huo alikuwa Dave Arneson. Mwaka 1971 aliwaalika rafiki zake katika chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake, mjini St. Paul. Palikuwa na meza ya mpira wa meza, na juu yake hawakukuta vikosi vya Napoleon bali ngome ya zama za kati. Nchi hiyo ya kubuni ikaitwa Blackmoor. Kisha Arneson akaichimba ngome yake: akachora chini yake njia, ngazi na vyumba vya giza, katika karatasi ya miraba aliyoishika mwenyewe.

Hapa meza ilipatwa na shida ambayo haikupata kuwa nayo. Uwanja wa vita waweza kutandazwa wote mbele ya watu, maana mlima haufichiki. Lakini handaki likitandazwa lote mezani si handaki tena. Mchezaji akiona chumba cha tano kabla ya kufungua mlango wa kwanza, hofu imekwisha na tamaa imekwisha. Hivyo ramani ikabidi iondoke mezani iende mikononi mwa mwamuzi, na mahali pake pakaja maneno: mnaona ukumbi, upande wa kushoto mlango wa chuma, hewa yanuka moshi. Mchezaji mmoja akapewa penseli achore kwa kusikia alichokwisha kukichora mwenzake kwa kubuni. Meza iliyokuwa ulimwengu sasa ikawa mahali pa kuegemeza viwiko, na ulimwengu ukahamia katika sauti ya mtu mmoja.

Katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, alikaa Gary Gygax, ambaye alikuwa ameajiriwa na kampuni ya bima, na baada ya kuipoteza kazi hiyo mwaka 1970 akatafuta riziki kwa kutengeneza viatu. Chini ya nyumba yake palikuwa na meza kubwa ya mchanga, na juu yake yeye na wenzake walipigana vita vya zama za kati kwa sheria alizozitoa pamoja na Jeff Perren mwaka 1971. Mwishoni mwa mwaka 1972 Arneson alifika Lake Geneva, akifuatana na David Megarry, akawaonyesha mchezo wake. Gygax hakuchelewa. Alichora mahandaki yake mwenyewe chini ya ngome aliyoiita Greyhawk, na wachezaji wa kwanza walioshuka humo walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise.

Juu ya kikao cha Gygax siku hizo, Michael Mornard, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wa awali, amesimulia jambo la ajabu. Gygax aliketi kwenye dawati lake, kando yake kabati la mafaili. Akavuta droo za kabati zikawa ukuta baina yake na wachezaji. Hawakumwona, walisikia sauti tu. Wachezaji hawakuwa na sanamu za kusogeza, wala uwanja wa kutazama. Tukilinganisha kikao hicho na meza ya mfalme wa Prussia, twaona safari ilivyokuwa ndefu. Watoto wa meza ya 1812 walifunguliwa ili dunia itolewe ionekane. Droo za 1972 zilivutwa ili dunia ifichwe. Na bado ni mchezo wa ukoo mmoja.

Kuhama huko kutoka mchanga kwenda maneno kulikuwa na sababu ya siri, kama tulivyoeleza. Lakini kulileta faida nyingine iliyokuwa ya fedha. Meza ya mchanga ni nzito, hutaka chumba kikubwa, na haiwezi kuhamishwa. Mwenye meza ndiye mwenye mchezo, na wengine hubaki wageni wake daima. Maneno hayana uzito. Mchezo ulipochapishwa mwaka 1974 kwa nakala 1,000, ulikuwa vijitabu vitatu katika sanduku dogo, bei yake dola 10. Vijitabu hivyo vilisema wazi kwamba sanamu si za lazima ingawa zapendeza; miongoni mwa vifaa vilivyotajwa ni dadu, karatasi, penseli, na mwamuzi mmoja mwenye subira. Sanduku la namna hiyo lilipita katika posta, likaingia katika mabweni ya vyuo, likafunguliwa juu ya meza ya jikoni. Laiti mchezo ungebaki mchangani, yamkini ungekufa pamoja na nyumba ulimozaliwa.

Lakini kila faida ina gharama yake. Vijitabu hivyo vilikisia kwamba mwamuzi mmoja ataweza kuwaongoza wachezaji wapatao 20. Meza gani itawaketisha watu ishirini, wote wakasikia na wote wakasikiwa? Hapakuwa na njia ila kumchagua msemaji: mmoja aliyesikiliza shauri la wenzake kisha akamwambia mwamuzi kundi lafanya nini. Desturi hiyo ilileta utulivu. Hata hivyo, ilimgawa mchezaji wa karibu na mchezaji wa mbali. Aliyeketi ubavuni mwa msemaji alitiwa katika shauri. Aliyeketi mwisho wa meza aliweza kukaa jioni nzima bila neno lake kufika. Kwa muda makundi yakapungua, watu wanne hadi sita wakawa kadiri ya kawaida, na msemaji akatoweka, kwa kuwa katika meza ndogo kila mtu aweza kujisemea. Hivyo kadiri ya watu iliamuliwa na sikio: idadi iliyo njema ni ile ambayo sauti ya chini yaweza kuvuka meza.

Kabati la mafaili nalo likapata mrithi. Mwaka 1977 kampuni ya Judges Guild ya Decatur, Illinois, ilitoa kiwambo cha karatasi ngumu cha kusimamishwa mbele ya mwamuzi, na mwaka 1979 wachapishaji wa Dungeons & Dragons wakatoa chao. Kiwambo ni kifaa chenye nyuso mbili. Uso wa ndani una majedwali ya hesabu, ili mwamuzi asipekue vitabu kila mara. Uso wa nje mara nyingi una picha ya kupendeza, ili wachezaji wapate cha kutazama. Nyuma yake hulala ramani, na nyuma yake hutupwa dadu. Hilo la mwisho ndilo lililozua mgogoro ambao haujaisha.

Maana dadu inayotupwa faraghani ni ushahidi wa mtu mmoja. Mwamuzi akisema joka limekukosa, nani ajuaye kama limekukosa? Katika kitabu chake cha waamuzi cha mwaka 1979, Gygax alimpa mwamuzi haki ya kuyapuuza matokeo ya dadu wakati wowote apendapo. Wanaomuunga mkono husema kwamba mwamuzi ni mlezi wa hadithi, na si haki mhusika aliyelelewa mwaka mzima afe kwa sababu ya kipande cha plastiki kilichobiringika vibaya. Wanaompinga husema kwamba hatari isiyo ya kweli si hatari, na ushindi uliotolewa zawadi hauna ladha kwa aliyeupewa, siku atakapojua. Wao huondoa kiwambo, au huvuka mkono juu yake wakatupa dadu katikati ya meza, watu wote wakitazama.

Huu ndio ule mzozo wa Verdy du Vernois uliorudi miaka mia baadaye, lakini umerudi mahali pagumu zaidi. Mwamuzi wa Prussia alikuwa na cheo. Mwamuzi wa meza ya jikoni ni rafiki tu miongoni mwa rafiki. Hana amri ya kumtia mtu ndani. Mamlaka yake yote yametokana na ridhaa ya walioketi mbele yake, na ridhaa hiyo huweza kuondoka jioni moja. Kwa hiyo kiwambo si ukuta wa karatasi tu, ni mkataba. Wachezaji wakubalipo kisimame baina yao na mwenzao, wamesema kwa vitendo: tunajua waweza kutudanganya, nasi tunaamini kwamba ukidanganya utafanya hivyo kwa ajili yetu na si kwa ajili yako.

Liko swali jingine la kiti lisilohusu dadu, nalo ni la nani anakaribishwa kuketi. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Tumetaja kwamba kati ya wachezaji wawili wa kwanza wa Greyhawk mmoja alikuwa msichana. Na tangu mwaka 1975 mwanamke, Lee Gold wa Los Angeles, alihariri jarida ambalo wachezaji walijadiliana ndani yake kwa miongo mingi. Hata hivyo, mwanasosholojia Gary Alan Fine, aliyewatazama wachezaji wa Minnesota, miongoni mwao wale waliokutana katika ukumbi wa jamii wa kituo cha polisi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1983 kwamba wanawake mezani walikuwa wachache mno. Hakuna sheria iliyowafukuza. Kikao kiliwafukuza: mizaha iliyosemwa, mambo waliyotendewa wahusika wa kike katika hadithi, na sura ya mshangao iliyowapokea mlangoni. Vivyo hivyo, katika filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1982 juu ya mgeni kutoka angani, twaona wavulana wameizunguka meza ya jikoni wakicheza mchezo wa namna hii, na mdogo wao, Elliott, anaomba aingizwe naye anawekwa angoje. Kila aliyewahi kusimama nyuma ya viti vya wenzake aelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Tangu mwaka 2000 macho yalirudishiwa sehemu ya haki yao. Chapa ya tatu ya Dungeons & Dragons ilipanga vita kwa miraba, kila inchi 1 mezani ikiwa futi 5 katika hadithi, na wachezaji wengi wakatandika mikeka ya plastiki inayochorwa na kufutwa, sanamu zikisimama juu yake. Ubishi mwingi ukapungua, kwani hakuna tena wa kusema yeye hakuwa karibu na mlango. Lakini katika vita vya mkekani masikio hulala na mikono huamka. Watu huinuka vitini wahesabu miraba, na mwenye mkono mfupi, au aliyeketi mbali na mkeka, humwomba jirani amsogezee mhusika wake.

Zikaja pia meza za mafundi. Kampuni ya Geek Chic ya jimbo la Washington, iliyofungwa mwaka 2017, ilijulikana kwa meza za mbao ngumu zenye uso uliozama, ili mchezo ukae chini na vikombe vikae juu ukingoni. Ukiweka mifuniko, meza ikawa ya kulia chakula. Bei zake zilikuwa za watu wenye nafasi. Haya yakumbusha Reisswitz na haya yake mbele ya mfalme: kila mara mchezo unapopata heshima, hutokea mtu wa kuutengenezea samani. Nasi hatukatai samani nzuri. Twasema tu kwamba meza ya Prussia ilibaki kwa mfalme, na ni ramani ya karatasi iliyokwenda jeshini.

Wako waliochukua njia nyingine, wakaufanya mpango wa viti kuwa sheria yenyewe. Katika Fiasco, mchezo wa Jason Morningstar wa mwaka 2009, hakuna mwamuzi. Kiti cha tatu kimeondolewa. Dadu zote huwekwa katikati. Baina ya kila watu wawili waliokaa jirani huwekwa uhusiano mmoja: ndugu, wadeni, wapenzi wa zamani, washirika wa wizi. Kwa hiyo uliyemketia kulia ni jamaa yako katika hadithi, na uliyemketia kushoto vivyo hivyo; kubadili kiti ni kubadili ukoo.

Na katika Dread, uliotolewa mwaka 2005, dadu hazipo. Katikati ya meza husimama mnara wa vijiti vya mbao, na kila mhusika anapojaribu jambo la hatari, mchezaji wake huchomoa kijiti. Atakayeuangusha mnara, mhusika wake ametoka katika hadithi. Mnara huo ni ule wa mchezo uitwao Jenga, uliotolewa London mwaka 1983 na Leslie Scott, mwanamke Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika, naye alilitwaa jina hilo katika Kiswahili. Hivyo neno letu la kuamrisha ujenzi limekaa katikati ya meza za ugenini, likiwatisha watu kwa kubomoka. Katika mchezo huo hapana udanganyifu wa nyuma ya kiwambo: mnara ukianguka umeanguka mbele ya wote. Lakini meza mbovu yaweza kumuua mtu, na anayeegemea ukingo bila kufikiri hukemewa na kikao kizima.

Mwisho meza yenyewe ikaondoka. Roll20, tovuti iliyoanza mwaka 2012, iliwawezesha watu walio mbalimbali kuiona ramani moja kwa njia ya intaneti, na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, vikao vingi vilihamia katika meza za namna hiyo. Humo mwamuzi hufunika ramani kwa ukungu, na ukungu hufunguka kwa kadiri ya hatua za wahusika; kazi aliyoifanya mwamuzi wa mwaka 1824 kwa mkono, ya kuonyesha lile tu lionekanalo, sasa hutendwa na mashine, nayo huitenda kwa uaminifu. Kilichokosekana hakikuwa siri wala ramani. Kilikosekana kile alichokiona Wesely bila kukusudia: minong'ono ya watu wawili pembeni, wakati wa tatu anasema. Katika intaneti asemapo mmoja wote husikia, na wawili wakisema pamoja hasikiki hata mmoja.

Habari hizi zote zatufundisha nini? Kwanza, kwamba hakuna mpango wa meza ulio bora kwa kila mchezo. Mchanga wafaa vita vya uwandani, maneno yafaa giza la mahandaki, miraba yafaa wanaopenda hesabu, na meza tupu yawafaa wanaotaka kutazamana usoni. Anayeuliza meza ipi ni nzuri hana budi kuulizwa kwanza: mnataka kuona nini, na mko radhi kufichwa nini?

Pili, na hili ni kubwa zaidi, kwamba kupanga viti ni kugawa mamlaka, hata pale ambapo mpangaji hana habari. Aliyewekwa mbali amenyimwa sauti. Aliyewekwa nyuma ya kiwambo amepewa dhamana. Aliyeachwa amesimama ameambiwa kwamba hahitajiwi. Mambo haya hayaandikwi katika vitabu vya sheria, na kwa hiyo hayana wa kuyakatia rufani. Huamuliwa dakika chache kabla ya mchezo, viti vinapovutwa. Mwenye nyumba anayewajali wageni wake atazitumia dakika hizo vizuri: atamketisha mwenye sauti ndogo karibu na mwamuzi, atamwachia nafasi aliyechelewa, na kama kuna kiwambo, atahakikisha kwamba hakuna aliyeketi mahali ambapo haoni uso wa mwenzake. Maana mchezo huu uliacha mchanga, ukaacha sanamu, ukaacha hata mbao za meza, na haukufa. Lakini haujapata kuishi siku moja bila watu wanaoaminiana.